Jinsi ya kupanga mwendo wako wa triatloni na kukadiria muda wa kumaliza, kwa sisi wa Goma

Mara yangu ya kwanza kushindana triatloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, nilimwambia mama watoto nitamaliza kwa saa 2 na dakika 47. Nilifika baada ya saa 3 na dakika 31, na kipande cha kilomita kumi za mwisho nilitembea. Chakula kilikuwa kimepoa, na mtoto wa jirani akaniuliza mbele ya wageni, "Papa, ulisema utafika saa ngapi?"

Tangu hapo nimeona wenzangu wengi wakianguka kwenye shimo lilelile. Mtu anachukua muda wake bora wa kuogelea, anaongeza muda wake bora wa baiskeli, anaongeza muda wake bora wa kukimbia, kisha anatangaza jumla. Hesabu hiyo ni sahihi kwa watu watatu, kila mmoja akiwa amelala vizuri. Wewe ni mtu mmoja, na anayeanza kukimbia ni yule aliyekwisha kuchoka.

Mfano wote humu ni wa umbali wa Olimpiki: mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli, kilomita 10 za miguu. Nusu yake, yaani mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, hufuata njia hiyohiyo. Umbali mrefu nitaugusa mwishoni.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Saa yenye kupima sekunde. Simu yenye GPS inatosha kwa baiskeli na miguu.
- Kamba ya mita 50, mabidoni mawili matupu ya njano ya lita 20, na mawe mawili ya lava ya kuyashikilia yasichukuliwe na maji.
- Mtu mwenye mtumbwi, au rafiki anayejua kuogelea kuliko wewe. Hili halina mjadala.
- Baiskeli utakayoshindana nayo, siyo ya kuazima wiki ya mwisho. Kofia ngumu, pampu, na mipira ya ndani miwili. Changarawe za volkano hazimjui mtu.
- Mkanda wa kupima mapigo ya moyo, ukiupata. Usipoupata, masikio na mdomo vitafanya kazi hiyo, nitaeleza.
- Daftari na kalamu.
- Wiki nne kabla ya mashindano. Vipimo vyote haviwezi kufanyika wiki moja bila kukuua.

## Hatua ya 1: Ijue njia kabla ya kujua mwili wako

Muda bila njia ni uongo. Kilomita 40 za tambarare na kilomita 40 za kupanda na kushuka ni michezo miwili tofauti.

Tafuta majibu ya maswali haya kwa waandaaji: baiskeli inapanda mita ngapi? Inazunguka mara ngapi? Kutoka ufukweni hadi mahali pa baiskeli ni hatua ngapi? Kuna muda wa mwisho wa kufungiwa njia? Kumfuata mwenzako kwa karibu ili akukinge upepo kunaruhusiwa au hapana? Kwa sisi wa ngazi ya kawaida mara nyingi hairuhusiwi, na utatakiwa kuacha nafasi ya mita 10 hadi 12.

Wengi wetu tunavuka mpaka kushindana Rubavu, ambako Ironman 70.3 Rwanda, triatloni ya umbali mrefu, ilifanyika kwa mara ya kwanza Agosti 2022. Ziwa ni lilelile, saa ni ileile ya kwetu, na kimo ni kilekile: uso wa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Kwa hiyo vipimo ulivyofanya Goma havihitaji kurekebishwa kwa sababu ya hewa nyepesi. Ila ukichukua jedwali la mwendo lililotungwa na mtu wa pwani, jua kwamba hapa mwili hupata hewa pungufu kidogo, na namba zake zitakudanganya. Siku ukienda kushindana Mombasa utapata hewa zaidi, halafu joto litainyang'anya.

Vuka siku moja kabla. Foleni ya mpakani Petite Barrière ukiwa na baiskeli begani haimo kwenye mpango wa mwendo wowote.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuichora njia kwa kidole mezani na kusema kilima kikubwa kiko kilomita ya ngapi.

## Hatua ya 2: Pima kuogelea, kisha ongeza kodi ya ziwa

Mabwawa ya hoteli zetu mengi ni mafupi. Kabla ya kuamini "mizunguko ishirini", chukua futi ya seremala ulipime. Nimewahi kuogelea miezi miwili katika bwawa la mita 25 ambalo lilikuwa na mita 21.

Njia bora ni ziwani. Tafuta mahali maji yalipo kimya, funga mabidoni kila ncha ya kamba ya mita 50, sambamba na ufukwe. Usiende mbali: sakafu ya Kivu inatelemka ghafla, na jiwe lako halitafika chini. Asubuhi ni bora, kwa sababu mchana upepo huleta mawimbi.

Tahadhari mbili za kwetu. Ya kwanza ni mazuku, ile hewa nzito ya kaboni inayotuama kwenye mabonde na mashimo ya ardhi, hasa magharibi mwa mji. Huwa mbaya usiku na alfajiri penye utulivu, kabla jua na upepo havijaitawanya. Usibadilishie nguo kwenye shimo, usilale chini kujinyoosha mahali usipopajua, na waulize wenyeji wa ufukwe huo kabla ya kushuka. Ya pili ni mitumbwi ya sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, inayorudi asubuhi: wavuvi wamechoka na hawatarajii kuona kichwa cha mtu.

Kipimo chenyewe: jipashe joto dakika kumi. Ogelea mita 400 kwa nguvu unayoweza kuishika hadi mwisho. Pumzika dakika kumi. Ogelea mita 200 vivyo hivyo. Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, kisha gawanya kwa mbili. Unapata mwendo wako wa kudumu kwa kila mita 100.

Namba zangu za bwawani mwaka ule: 400 kwa 9:20, yaani sekunde 560. 200 kwa 4:25, yaani sekunde 265. Tofauti ni sekunde 295. Nusu yake ni sekunde 147 na kidogo: 2:27 kwa mita 100.

Kwa nini tusitumie tu 9:20 na kugawa kwa nne? Kwa sababu 400 ina mbio fupi ndani yake, ile nguvu ya mwanzo isiyorudi. Ukiondoa 200, unaiondoa na hiyo nguvu.

Sasa kodi:

- Ongeza sekunde 4 kwa kila mita 100, kwa kuwa 1,500 ni ndefu na bado una safari. Nikapata 2:31.
- Kama ulipima bwawani, ongeza asilimia 6. Ziwani hakuna ukuta wa kusukuma kwa miguu. Nikapata 2:40. Kama ulipima kwenye kamba ya ziwani, ruka hapa, kodi umeshalipa.
- Ongeza asilimia 4 ya umbali kwa kupotea. Hakuna mtu anayeogelea mstari ulionyooka. 1,500 inakuwa 1,560.

Mita 1,560 kwa 2:40 ni dakika 41 na sekunde 36. Ile hesabu ya zamani iliniambia 35. Dakika sita na nusu zimeshapotea, na bado sijagusa baiskeli.

Usihesabu msaada wa nguo ya mpira, ile inayomsaidia mtu kuelea. Maji ya Kivu kwa kawaida huwa karibu nyuzi 24, na kwa umbali huu sheria za kimataifa huikataza nguo hiyo maji yakifika nyuzi 22 kwa washindani wa kawaida.

Umefaulu ukitoka kwenye 1,500 ya majaribio bila kutofautiana na kadirio kwa zaidi ya dakika mbili, na ukaweza kuzungumza papo hapo. Ukitoka huku unatafuta mahali pa kukaa, mwendo huo si wako.

## Hatua ya 3: Pima baiskeli, na uache kuamini wastani

Hapa ndipo mashindano huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Kosa la kwanza ni wastani wa kasi. Ukipanda kilomita 20 kwa kasi ya 20 kwa saa, ukashuka kilomita 20 kwa kasi ya 40, wastani wako si 30. Kupanda kumekula dakika 60, kushuka dakika 30. Kilomita 40 kwa dakika 90 ni kasi ya 26.7. Mlima unakuibia zaidi ya mteremko unavyokurudishia, kwa sababu unakaa mlimani muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kadiria kipande kwa kipande: kupanda peke yake, tambarare peke yake, kushuka peke yake.

Kosa la pili ni kasi ya kuazima. Nawajua vijana wenye wastani wa 34 kwenye simu zao, na wameupata nyuma ya Fuso kwenye barabara ya Sake. Gari limewavunjia upepo. Ukiacha hatari ya breki ya ghafla, namba hiyo haina kazi. Vivyo hivyo namba ya kufuatana na motari wa pikipiki.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba kasi zaidi inagharimu kidogo zaidi. Penye tambarare, adui ni upepo, na nguvu ya kuushinda hupanda kwa kasi mara kasi mara kasi. Kutoka 30 hadi 33 ni asilimia kumi tu machoni, lakini kwa upande wa upepo ni karibu theluthi moja zaidi ya nguvu. Nguvu hiyo huna. Ukiikopa, miguu italipa kwenye kilomita ya sita ya kukimbia.

Ndiyo maana nguvu kidogo ya ziada inafaa kuwekwa mlimani, ambako kasi ni ndogo na upepo haukuzuii, na kupunguzwa kwenye mteremko. Lakini nimesema kidogo. Siku moja nikipanda kuelekea Munigi nikiwa nimesimama juu ya pedeli kama mwendawazimu, nilimpita mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, aliyekuwa anasukuma chombo chake kitupu kurudi Kibumba. Akaniambia, "Muzee, mulima haikimbiake." Baada ya dakika kumi alinikuta nimekaa juu ya jiwe. Hakucheka, alinisalimia tu na kupita.

Kipimo: chagua barabara isiyo na makutano mengi, Jumapili alfajiri kama hali inaruhusu. Barabara ya kaskazini, ile iliyokatwa na lava ya Mei 2021, ina mpando mzuri wa kupimia. Kuna siku haiendeki, wala ya Sake haiendeki. Siku hizo nenda ukazunguke mtaa wa Himbi mizunguko mingi, au ahirisha. Kipimo hakina haraka, na hakuna namba inayostahili kuifuata mahali watu wanakokukataza.

Jipashe joto dakika 15. Endesha dakika 30 kwa nguvu kubwa unayoweza kuishika sawasawa. Wastani wa mapigo ya moyo katika dakika 20 za mwisho ndio kizingiti chako, yaani mapigo ambayo ukiyavuka huwezi kudumu. Changu kilikuwa 168.

Kwa kilomita 40 za triatloni mimi hutumia karibu asilimia 94 ya kizingiti: 158 kwa wastani, na mlimani sivuki 165. Kwa umbali wa nusu unaweza kukaribia kizingiti chenyewe.

Huna mkanda? Tumia mdomo. Kwa kilomita 40 uweze kusema sentensi fupi, "leo kuna upepo", kisha uvute pumzi. Ukiweza kusimulia habari za harusi, unalala. Ukiweza kusema neno moja tu, umezidisha.

Kisha nenda kwenye mpando unaofanana na wa mashindano, panda kwa nguvu hiyo ya asilimia 94, pima kasi. Shuka, pima kasi. Mimi nilipata 21 kupanda na 33 kushuka, kwa sababu kushuka kwenyewe kulikuwa na kona na sikutaka kufa.

Kilomita 20 kwa 21 ni dakika 57 na sekunde 9. Kilomita 20 kwa 33 ni dakika 36 na sekunde 22. Jumla ni kama saa 1:33:30. Hesabu ya zamani, kwa wastani wa 30 wa tambarare, iliniahidi 1:20.

Umefaulu ukirudia njia hiyo siku nyingine kwa mapigo yaleyale na muda ukatofautiana kwa dakika mbili au tatu tu.

## Hatua ya 4: Pima miguu iliyochoka

Muda wako wa kukimbia ukiwa mzima ni mwanzo wa hesabu tu.

Kama unajua muda wako wa kilomita 5 lakini hujawahi kupima 10, usizidishe kwa mbili. Zidisha kwa 2.085. Dakika 25 za kilomita 5 zinakuwa dakika 52 na sekunde 8 za kilomita 10. Mwendo hushuka kadiri umbali unavyorefuka, hata kwa mwenye mazoezi.

Sasa fanya zoezi la kuunganisha: baiskeli dakika 60 hadi 75 kwa nguvu ya mashindano, shuka, vaa viatu, kimbia kilomita 5 papo hapo. Usinywe chai katikati. Linganisha mwendo huo na mwendo wako wa kawaida wa umbali huo.

Wenye mazoezi mazuri huongeza asilimia 4 au 5 juu ya muda wao. Wengi wetu ni 6 hadi 8. Ukiona 12 na zaidi, tatizo si miguu. Umeendesha baiskeli kwa nguvu mno. Rudi hatua ya 3 upunguze mapigo matano, ufanye tena. Najua hakuna anayependa kusikia hivyo.

Mimi nilipata asilimia 7. Dakika 52:08 zikawa 55:47, yaani 5:35 kwa kilomita.

Tahadhari: kilomita ya kwanza baada ya baiskeli ni mwongo mkubwa. Miguu imezoea kuzunguka haraka, na utajikuta unakimbia 5:05 ukidhani ni 5:40. Kwenye zoezi hili jifunze kuishika breki hapo.

Umefaulu kama kilomita ya tano ni sawa na ya pili, au haraka zaidi kidogo.

## Hatua ya 5: Pima kubadilisha

Hakuna anayeihesabu, na saa haisimami. Weka ndoo ya maji, baiskeli na viatu uani, panga kama siku ya mashindano. Jimwagie maji, kimbia mita mia, vaa kofia ngumu, toka. Watoto wakupimie, watafurahi sana.

Kwa wengi kutoka majini hadi baiskeli ni dakika 3 hadi 5, na kutoka baiskeli hadi kukimbia ni 1:30 hadi 3. Nilichukua 4:00 na 2:30. Mara ya kwanza, bila mazoezi, zilikuwa 6 na 4: soksi mbichi hazivaliki.

## Hatua ya 6: Jumlisha kwenye karatasi moja

Hii ndiyo yangu:

- Majini: 41:36
- Kubadilisha: 4:00
- Baiskeli: 1:33:30
- Kubadilisha: 2:30
- Miguu: 55:47
- Jumla: 3:17:23

Tazama pengo. Hesabu ya muda bora wa watu watatu ilisema 2:47. Nusu saa nzima, na bado sijapata pancha.

Usimwambie mtu namba moja. Sema tatu. Siku njema: punguza asilimia 3, inakuwa 3:11. Siku ya kawaida: 3:17. Siku mbaya yenye mawimbi, joto au pancha: ongeza asilimia 6, inakuwa 3:29. Wanaokungoja wape ile ya siku mbaya. Mpango wako uongozwe na ya kawaida. Ile ya siku njema ibaki mfukoni, usiitoe kabla ya kilomita ya saba ya kukimbia.

Kama waandaaji wana muda wa kufunga njia na siku yako mbaya inaukaribia, chagua umbali mfupi mwaka huu.

## Hatua ya 7: Geuza muda kuwa amri za njiani

Kadirio lisilogeuka kuwa mwendo ni bahati nasibu. Andika kwenye utepe, bandika juu ya fremu ya baiskeli. Tumia muda uliopita tangu kuanza, usitumie saa ya ukutani. Kati ya "saa moja" yetu na "saa saba" ya karatasi za Kifaransa, kichwa kilichochoka kitapotea.

Utepe wangu:

0:41 nje ya maji
0:45 juu ya baiskeli
1:42 kugeuka, kilomita 20
2:19 kushuka baiskeli
2:21 kuanza kukimbia
3:17 mwisho

Majini. Mita 200 za kwanza zianze polepole kuliko unavyotaka. Kila mtu ataondoka kama anafukuzwa, wengi utawakuta mita 600. Inua macho kila mapigo sita hadi nane kutafuta boya. Kumfuata miguuni mwenye mwendo kama wako kunaruhusiwa na kunakuokolea nguvu, mradi anajua anakokwenda.

Baiskeli. Dakika kumi za kwanza usiangalie kasi, angalia mapigo yashuke. Moyo umetoka majini ukiwa juu, ukikanyaga hapo utapanda na hautashuka tena. Mlimani kaa chini, gia nyepesi, watu wakupite. Ukifika 1:42 kwenye kugeuka uko sawa. Ukifika 1:38, hujashinda dakika nne: umekopa, na riba yake unaijua. Dakika tano za mwisho legeza gia, zungusha miguu haraka kidogo, kunywa.

Miguu. Kilomita ya kwanza 5:45 hadi 5:50. Ya pili hadi ya saba 5:35. Kuanzia ya nane, chochote kilichobaki ni chako.

Kula. Lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa ukiwa kwenye baiskeli. Hakuna haja ya vipakiti vya bei ya Ulaya. Chupa mbili za mililita 750 za maji yaliyochemshwa, kila moja vijiko 11 vya chai vya sukari, visijae pomoni. Ni kama gramu 44. Robo kijiko cha chai cha chumvi igawanye kwenye chupa zote mbili, kamulia limau. Ndizi moja ya kawaida ina karibu gramu 25, ukipenda kutafuna. Kunywa kidogo kila dakika kumi, usingoje kiu. Na lolote utakalokula siku hiyo uwe umelijaribu mara tatu mazoezini. Sombe, yaani kisamvu, ya usiku wa kuamkia mashindano nimeijaribu mimi kwa niaba yenu nyote.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe, jua wakati wa kuuacha mpango

Mawimbi yakiwa makubwa, muda wa majini utaongezeka na hakuna cha kufanya. Usijaribu kuulipa kwenye baiskeli. Sogeza tu namba zote za utepe mbele kwa dakika zilezile. Umetoka 0:45 badala ya 0:41? Kugeuka ni 1:46. Basi.

Upepo wa mbele: shika mapigo, sahau kasi. Pancha: shuka pembeni kabisa, badilisha mpira kwa utulivu, hesabu dakika nane hadi kumi, sogeza utepe tena. Anayetaka kuzirudisha dakika hizo huishia kutembea.

Joto likikupanda kichwani, ukihisi baridi juani, kizunguzungu, au umeacha kutoka jasho, simama na uombe msaada. Hapo hakuna tena mpango wa muda.

Ukijisikia mwepesi sana kwenye kilomita ya 15 ya baiskeli, hiyo ni dalili ya kawaida, nayo imetuharibia siku wengi. Zima. Ukijisikia mwepesi kwenye kilomita ya 7 ya kukimbia, ondoka.

## Ukienda umbali mrefu

Kwa 70.3, yaani kilomita 1.9 majini, 90 za baiskeli na 21.1 za miguu, hatua ni zilezile ila kodi zinapanda. Kwenye baiskeli mimi hushuka hadi karibu asilimia 88 ya kizingiti: uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Kwenye miguu ongeza asilimia 8 hadi 12 juu ya muda wako wa nusu marathoni ukiwa mzima. Siku mbaya iwe asilimia 10, kwa sababu tumbo huanza kuwa na maoni yake. Muda wa kufungiwa mara nyingi ni saa 8 na nusu, na kuna milango ya kufunga majini na kwenye baiskeli pia. Soma karatasi ya waandaaji, kila njia ina yake.

Usiende huko kabla ya kumaliza umbali wa Olimpiki mara mbili ndani ya makadirio yako.

## Hatua ya 9: Jioni yake, kabla ya usingizi

Chukua matokeo, andika vipande vitano kando ya makadirio matano. Kisha rekebisha kodi zako mwenyewe. Kama maji yalichukua dakika 44 na bahari, samahani, ziwa lilikuwa kimya, basi asilimia yako ya kupotea si 4. Ni kama 10, na dawa yake ni kujifunza kuinua macho. Kama baiskeli ilikuwa sawa na kadirio lakini miguu ikazidi kwa dakika nane, mapigo yako ya baiskeli yapunguzwe matatu hadi matano.

Mwaka ule wa kwanza vipande vyangu vilikuwa 43, 6, 1:31, 4 na 1:07. Baiskeli niliwahi dakika mbili na nusu kuliko nilivyostahili, miguu nikachelewa zaidi ya kumi na moja. Mwaka uliofuata, kwa karatasi hii, nilimaliza kwa 3:19, na nyumbani nilikuwa nimesema 3:29. Chakula kilikuwa cha moto.